Kufuli Ndani ya Debe la Maji

Vidole vyangu viwili vilitangulia kufa, ndipo mdogo wangu akafuata.

Tulikuwa chini ya bwawa la shamba la chai, mimi na yeye, kina cha nguzo nzima ya stima. Kule chini hata saa sita ya mchana ni giza. Maji yana rangi ya chai iliyochemshwa mara tatu, na tochi inakuonyesha mkono wako mwenyewe mpaka kwenye kiwiko, basi. Mdogo wangu alikuwa upande wa ukuta wa bwawa, ameshika mwanzo wa tepu kwenye ncha ya mashua ya kale iliyozama hapo kabla baba yetu hajazaliwa. Mimi nilikuwa katikati ya mashua hiyo, nimejibana kati ya mbavu zake, nasoma tepu na kuandika namba kwenye kibao kwa penseli. Kamba nyembamba ilituunganisha. Yeye alikuwa ameifunga kiunoni. Mimi nilikuwa nimeizungusha kwenye vidole viwili vya mkono wa kushoto, kile cha mwisho na jirani yake, ili nisisumbuke nikiandika.

Kwanza tepu ilinichomoka. Nikafikiri ameivuta yeye, nikamtukana moyoni kwa sababu nilikuwa sijamaliza kusoma. Halafu tope lote likainuka na kunipita usoni, likielekea upande mmoja kama moshi unaotafuta dirisha. Maji yalikuwa yamelala siku saba. Sasa yalikuwa yanatembea. Nikasikia ukuta unanguruma, na mngurumo huo niliusikia kwa kifua. Geti la chini lilikuwa limefunguliwa.

Mbavu za mashua zilinishika. Yeye hakuwa na kitu cha kumshika. Maji yalimbeba yakampigiza kwenye nondo zilizo mdomoni mwa bomba la pawahausi, nyumba ya mitambo ya stima, na nilijua kwa sababu kamba iliruka mara moja, kama kamba ya ng'ombe anapoangushwa machinjioni. Nondo mbili za pale zilikuwa zimeliwa na kutu zamani, na kila fundi wa pawahausi alijua. Kwenye lile pengo ndiko alikokuwa anaingia.

Alikuwa hai. Alivuta kamba mara mbili, akanyamaza, akavuta mara mbili tena. Mara mbili maana yake nivute. Nilivuta. Kamba iliingia kwenye nyama, ikafika kwenye mfupa, na bado nilivuta, na yeye aliendelea kuniambia nivute. Sikusikia uchungu wowote. Nilisikia tu mkono umekuwa mwepesi ghafla, na ile kamba ikaondoka na vidole vyangu ikamfuata.

Nilipotolewa na wenzetu waliobaki juu, nililazwa kwenye mbao za jukwaa letu linaloelea, damu inamwagika kwenye mitungi ya hewa. Ng'ambo ya kilima nikasikia feni za kiwanda zinaanza kuvuma. Stima ilikuwa imerudi. Majani ya chai yalikuwa yameokoka.

Nimeambiwa nikiandika nisitaje jina la mtu. Sawa, jina sitataja. Lakini cheo si jina. Waliomuua mdogo wangu ni meneja wa kiwanda, fundi mkuu wa mitambo, na mkuu wa askari wa shamba aliyekuja baadaye kufunika. Yuko pia wa nne, aliyezungusha usukani wa geti, na huyo nitamweleza vile alivyo, kwa sababu tulicheza mpira naye tangu tukiwa bila viatu.

Sisi ni watu wa ziwa. Baba alikuja huku Kericho kuchuma chai akiwa kijana, tukazaliwa kwenye laini, zile nyumba za wafanyakazi zilizopangwa safu safu, na hapo ndipo kwetu mpaka mtu akitaka kutukumbusha kwamba si kwetu. Mwaka mmoja wa uchaguzi tulikumbushwa kwa mishale. Tulikimbia na magodoro kichwani, tukakaa uwanja wa kanisa, na mambo yalipotulia tulirudi kazini tukakuta milango imeng'olewa. Tulirudisha milango. Wale waliotufukuza na wale waliotuficha wote walikuwa majirani, na ukiishi hapa unajifunza kusalimia wote.

Mimi nilisoma mpaka darasa la sita. Mdogo wangu alifika la nane. Lakini likizo zetu zote tulipelekwa kwa nyanya ziwani, na kule mtoto asiyejua kuogelea huchekwa mpaka ajifunze au azame. Tuliporudi na ujuzi huo kwenye nchi ya milima ambapo watu wanaogopa maji, tukawa watu wa kuitwa. Mtu akizama kwenye bwawa la shamba, au mtoni wakati wa mvua, simu inapigwa kwetu. Tumetoa watu wengi. Kuna wanaotoka wamelala vizuri kama wamesinzia. Kuna wanaotoka bila uso. Mama mmoja Mkipsigis, mwenyeji wa huku, mwenye shamba dogo la chai, linalopakana na bwawa upande wa juu, tulimtolea mumewe baada ya siku tatu. Tulikataa kulipwa, kwa sababu aliyekufa majini halipishwi. Alituletea mursik, maziwa yao ya mgando, kwenye kibuyu, tukanywa tukiwa bado tunanuka yule marehemu. Huyo mama mkumbuke, atarudi.

Kazi yetu ya kila siku ilikuwa kiwandani, kwenye vitanda vya kunyaushia majani. Asiyeijua chai anafikiri ni kuchuma tu. Jani likishachumwa linaanza kufa, na lina namna yake ya kufa. Likilundikwa bila hewa linapata joto. Unaingiza mkono ndani ya lundo na unasikia joto kama la kwapa la mgonjwa. Ukichelewa, linakuwa jekundu, na hakuna mashine itakayolirudisha. Ndiyo maana feni hazizimwi. Ndiyo maana kiwandani kuna neno moja ambalo kila mtu anafundishwa siku ya kwanza, kuanzia meneja mpaka mwosha sakafu: majani hayangoji. Mimi mwenyewe nimewahi kumwacha mke wangu akiwa na uchungu wa mtoto nikakimbilia zamu, kwa sababu mvua ilikuwa imenyesha na majani yalikuwa yamekuja malori kwa malori. Hilo neno liko ndani yangu pia. Nalisema mapema ili mtu asidhani nahukumu nisichokijua.

Basi akaja mtafiti. Alikuwa mama wa makamo kutoka Pwani, daktari wa vyombo vilivyozama, ambaye maisha yake yote alikuwa anashuka baharini kupima merikebu zilizolala chini miaka mia na miaka mia. Mtu wa chuo alimwambia kwamba kwenye shamba moja la chai, mbali kabisa na bahari, kuna mashua chini ya bwawa. Hakuamini. Akaja na mashine ya kupiga picha kwa sauti, akaivuta juu ya maji kutwa nzima, na jioni akatuonyesha kivuli kirefu kama ganda la njugu. Mdogo wangu alipiga mluzi.

Hadithi ya hiyo mashua tuliijua kwa baba, na baba aliisikia kwa waliomtangulia. Mzungu wa kwanza wa shamba alileta watu kutoka ziwani wamuundie mashua, wamkokote nayo bwawani kila Jumapili na wageni wake, baada ya siku sita za kuchuma. Baba alisema wapiga makasia walichoka, Jumapili moja wakaizamisha kwa shoka, wakachapwa viboko mpaka wawili wakafa. Kampuni siku zote ilisema hizo ni hadithi za pombe.

Mtafiti alitaka watu wa kushuka naye. Alituchukua sisi wawili, akatufundisha kupumua kwa mitungi ya hewa kwenye maji ya kina kifupi, wiki baada ya wiki, mpaka aliporidhika. Kiwandani walitucheka. Meneja mwenyewe alisema mbele ya zamu nzima kwamba watu wa samaki wamepata kazi ya samaki, na watu wakacheka kwa sababu meneja akicheka unacheka.

Ile kazi ilinibadilisha. Nilikuwa nimezoea kushuka, kushika mkono au nguo, na kuvuta. Sasa nilikatazwa kugusa. Tope halichotwi kwa koleo. Unalipepea kwa kiganja polepole kama mama anayempepea mtoto mwenye homa, mpaka ubao ujitokeze wenyewe. Msumari mmoja unapimwa, unachorwa, unapewa namba, ndipo usogezwe, kwa sababu ukishausogeza umefuta alichoandika marehemu. Hayo ni maneno yake. Alitusemesha kwa kile Kiswahili chao kilichonyooka, kaka zangu tafadhali hivi, kaka zangu tafadhali vile, na mdogo wangu alimwambia, "Mama, huku tafadhali ni ya kanisani. Wewe sema tu leta." Alicheka mpaka akavua miwani.

Mdogo wangu alikuwa na vidole vyepesi kuliko vyangu. Gizani alikuwa anagusa kiungo cha mbao na kuniambia kwa ishara kama kimetengenezwa na fundi au na mtu aliyelazimishwa. Ndiye aliyegundua viraka. Mashua ilikuwa imevuja, na waliokuwa wakiiziba walitumia zile karatasi za madini ya risasi zilizokuwa zinawekwa ndani ya masanduku ya chai siku za kale. Viraka vilikuwa vimepigiliwa kwa misumari midogo, vimekunjwa pembeni vizuri sana. Fikiria mtu anayeiba takataka za kiwanda ili asizame Jumapili. Na ndiye aliyegundua makovu ya shoka, mbao tatu za chini, zote zimepigwa kutoka ndani. Baba hakuwa amelewa.

Kulikuwa na pingu ya chuma pia, ya kufungia mashua ufukweni, iliyokatika. Mtafiti aliiweka kwenye beseni la maji akatuita. Alisema chuma kilicholiwa na kutu kinaishia kama mkate uliomegwa. Chuma kilichokatwa kinaacha mistari, na mistari hiyo inakaa hata kama aliyekata amekufa na mjukuu wake amekufa. Akatuonyesha mistari. Halafu akasema chuma kikitoka majini kisianikwe, kitabomoka, kikae ndani ya maji yanayobadilishwa. Nilisikiliza kama mtu anayesikiliza habari za nchi ya mbali. Sikujua ananipa silaha.

Sasa sikiliza mambo ya geti. Mashua ilikuwa imelala karibu na mdomo wa bomba linaloshusha maji pawahausi, ambako kiwanda kinajitengenezea stima. Hakuna mtu angeweza kushuka pale maji yakitembea. Mtafiti alikaa na meneja, wakakubaliana kwamba kwa siku kumi kiwanda kitumie stima ya serikali, geti lifungwe. Na mtafiti, ambaye alishazika rafiki baharini, hakutaka maneno matupu. Alileta kufuli nene ya shaba na chuma, akaifunga mwenyewe na mnyororo kwenye usukani wa geti juu ya ukuta. Ufunguo ni mmoja. Aliyeko chini zaidi ndiye anauvaa shingoni. Akishuka, anashuka nao. Mpaka atoke, hakuna mwanadamu anaweza kufungua geti. Mtoto wa nasari angeelewa. Kufuli ikiwa imefungwa, kuna mtu majini.

Siku ya saba mdogo wangu aliuvaa.

Usiku wa kuamkia siku hiyo mvua ilikuwa imenyesha ya kuangusha miti. Mti uliangukia nyaya, stima ya serikali ikapotea. Jenereta ya kiwanda ikakataa kuwaka. Na kwa sababu ya jua la wiki ile, kisha mvua, chai ilikuwa imechipuka vibaya, vitanda vyote vilikuwa vimejaa, na malori mengine yalikuwa yamepanga foleni nje. Sisi hatukujua. Tulikuwa tumeshuka asubuhi, tukatoka, tukabadilisha mitungi, tukashuka tena. Tulikuwa tumesema tutatoka saa sita. Mdogo wangu akaonyesha kwa vidole kwamba amebakiza ubao mmoja, wa mwisho. Nikakubali. Hilo ni kosa langu na nimelibeba. Lakini saa haikuwa mapatano. Mapatano yalikuwa kufuli.

Meneja aliingiza mkono kwenye lundo akasikia joto. Hayo nilielezwa na waliokuwepo. Alisimama pale mkono ndani ya majani, jasho linamtoka, akamwambia fundi mkuu, "Majani hayangoji." Fundi mkuu alichukua grinda ya betri, ile mashine ya kukatia chuma.

Mdogo wangu walimtoa jioni baada ya geti kufungwa tena. Alikuwa amekunjika katikati kama gunia lililopitishwa dirishani. Walikata nondo mbili zaidi ili atoke. Mimi nilikuwa zahanati ya shamba, na muuguzi, mama mtu mzima, ndiye aliyenipa mfuko wa vitu vyake. Suruali, soksi moja, na ufunguo kwenye uzi. Aliniwekea chini ya mto.

Kesho yake mkuu wa askari wa shamba alikuja na wenzake wawili wenye rungu. Muuguzi aliambiwa akachukue hewa nje. Walikuwa na karatasi iliyokwisha kuandikwa. Ilisema tulishuka tumekunywa chang'aa, tulipita saa tuliyokubaliana, na kwamba kufuli ya geti ilikuwa mbovu, ikaanguka yenyewe kwa kutu. Mdogo wangu alikuwa mlokole tangu alipooa. Kileo kilichompitia mdomoni ni divai ya meza ya Bwana.

Nikakataa kuweka sahihi.

Mkuu wa askari hakupandisha sauti. Alinivuta kutoka kitandani kwa kola, nikaanguka sakafuni, akaniwekea buti juu ya mkono wenye bandeji. Akauweka uzito wake wote, polepole, akinitazama. Wale wengine walinipiga miguuni na mbavuni, bila haraka, kama watu wanaotwanga mahindi. Niliona bandeji inakuwa nyekundu, halafu nyeusi.

"Weka sahihi," alisema. "Una watoto kwenye nyumba ya kampuni."

Niliweka. Niliweka kwa mkono wa kulia, mzima kabisa, na ile sahihi iko ofisini mpaka leo. Mwezi haukuisha, watoto wangu walitolewa kwenye nyumba ya kampuni hata hivyo. Vyombo vilirushwa nje kwenye matope na sufuria ya mke wangu ikakanyagwa mpaka ikawa bapa.

Tulimzika mdogo wangu nyumbani ziwani. Wazee walitaka alazwe nje ya ua kwa sababu amekufa majini, mke wake akalia kwamba hata nyumbani anafukuzwa, na ubishi ukafika hatua ya watu kushikana mashati juu ya jeneza. Mjomba wangu alipigwa kofi akaangukia udongo wa kaburi. Mwishowe akalazwa nje ya ua. Nami sikusema kitu, kwa sababu nilikuwa nimetia sahihi kwamba alikuwa mlevi, na wao walikuwa hawajajua.

Mtafiti alifutiwa kibali. Aliandika ripoti, aliipeleka kila mahali, na amewahi kunipigia simu akilia. Nina neno naye pia. Angeweza kuweka mtu mmoja pale ukutani kuilinda kufuli. Aliamini chuma kuliko alivyowajua watu. Nilimwambia hivyo kwenye simu, akasema ni kweli.

Sasa nakaa Soin, chini kwenye joto, nyumba ya kupanga. Nilikaa mwaka mzima nikiutazama ufunguo. Kisha nikaamua kumtafuta yule wa nne.

Aliyezungusha usukani ni Mkipsigis, rika langu. Alikuwa mlinzi wa geti. Baada ya yale mambo aliacha kazi bila kuaga akahamia kwa shemeji zake Chebunyo, akawa mtu wa kununua mbuzi. Nilimkuta sokoni siku ya mnada, ameshika dume kwa pembe. Aliponiona aliliachilia likakimbia katikati ya watu, na hakulifuata.

Nilikuwa nimekuja kumpiga. Nimtafutie mke wake machozi. Nilikuwa na rungu ndani ya koti. Nilimpiga mara moja, begani, akapiga magoti kwenye mavi ya ng'ombe, wala hakuinua mkono kujikinga, na watu wakaanza kutukusanyikia. Akawaambia kwa lugha yao warudi nyuma, kwamba hii ni haki yangu. Hapo mkono wangu ulikataa.

"Niliambiwa mmetoka," akasema.

Nikamuuliza aliambiwa na nani.

"Fundi mkuu alikuja na grinda. Nikamwambia, mzee, kufuli bado imefungwa, kuna watu. Akasema meneja amesema mmetoka, mmeenda kunywa chai, mmesahau mkaenda na ufunguo. Nikamwambia niende nitazame hapo kwenye kona, kwa sababu jukwaa lenu halionekani kutoka ukutani. Akaniambia, ukitembea mpaka kona, majani yataungua, na utayalipa wewe na kabila lako lote. Akakata. Cheche zilikuwa zinaniangukia miguuni. Nikazungusha."

Kutoka kwenye usukani mpaka kwenye kona ni hatua sitini. Nimezipima kwa tepu.

Nikamuuliza kufuli ilienda wapi. Akasema fundi mkuu aliitupa majini pamoja na mnyororo, upande wa juu wa ukuta, kwa mkono wa kushoto, bila hata kuangalia. Nikamuuliza kama atayasema hayo mbele ya hakimu. Alifuta mavi magotini kwa kiganja. Akasema nikimwita, atakuja. Ndivyo alivyo. Alijua vile kufuli inavyosema, akaachia sauti ya mkubwa ifunike. Simsamehei. Lakini ndiye peke yake kati ya wanne aliyepiga magoti.

Jumapili moja wakati kiwanda kinatumia stima ya serikali, geti limefungwa, na watu wako makanisani, nilienda kwa yule mama tuliyemtolea mume. Sikumweleza mengi. Alitazama mkono wangu, akafungua kilango cha ua, akanionyesha njia inayopita katikati ya chai yake mpaka majini. Alisema atasimama pale juu na jembe, na askari akitokea ataanza kuimba.

Nilishuka bila mtungi, kwa pumzi yangu tu, chini ya usukani kando ya ukuta, kina cha watu watano. Mara ya kwanza mwili ulikataa. Nilimeza maji, nikapanda, nikatapika kwenye majani ya chai. Mara ya nne nikafika chini. Nikaanza kupepea tope kwa kiganja, kile chenye vidole vitatu, polepole, kama nilivyofundishwa. Nilipanda na kushuka mpaka masikio yakanitoka damu. Kisha nikagusa mnyororo, na kwenye mnyororo, kufuli.

Mwizi angeinyakua. Mimi sikuinyakua. Nilipanda, nikavuta pumzi, nikashuka na tepu, nikapima kutoka ukutani, nikapima kutoka kwenye nguzo ya usukani, nikapanda nikaandika. Nikachora vile ilivyolala, mdomo chini. Ndipo nikaitoa. Mara hiyo tu katika maisha yangu nilitoa kitu majini nikiwa nalia.

Iko hapa nyumbani, ndani ya debe la mafuta ya kupikia, ndani ya maji. Nayabadilisha kila Jumapili. Koo la kufuli, ule upinde wake wa juu, limekatwa, na pale lilipokatwa pana mistari iliyonyooka, karibu karibu, na rangi ya buluu ambayo chuma hupata kikichomwa na diski ya grinda. Hakuna mahali panapofanana na mkate uliomegwa. Na mwili wake bado ulikuwa umefungwa. Niliingiza ufunguo wa mdogo wangu, ukaingia, ukazunguka bila shida. Kufuli mbovu haizunguki hivyo.

Sahihi yangu mnayo. Sasa na mimi ninacho changu.

Kwa hivyo nakuuliza wewe meneja, ambaye nasikia umepandishwa cheo na kupewa viwanda viwili: nani alikuambia tumetoka? Mtaje. Kama hakuna aliyekuambia, basi ulilitunga wewe, mkono wako ukiwa ndani ya majani. Wewe fundi mkuu, njoo ueleze ulichofikiri ulipoona kufuli imefungwa. Wewe mkuu wa askari, lete ile karatasi mbele ya watu, na buti lako. Na ninyi wa serikali mnaokagua viwanda, mliopokea ripoti ya mtafiti mkaikalia, sihitaji pole. Nataka siku na chumba chenye hakimu. Nitakuja na debe langu nimelibeba mwenyewe, nitaiweka kufuli mezani ikiwa bado inachuruzika, na kila mmoja wenu ataishika, aitazame ile mistari, na ajibu.